Lita Mbili, Si za Kunywa

Kikapu cha Farangis hufungwa kinyumenyume:
cha mwisho kuliwa ndicho cha kwanza kuingia.
Jozi na tini chini kabisa, kwenye kopo la biskuti,
juu yake sufuria ya majani ya mzabibu
aliyoyajaza wali na kuyaviringisha juzi usiku;
yamelala mzungu wa nne, hayana pa kugeukia.
Halafu kuku.
Usicheke. Kuku ya Isfahan haina bawa wala mnofu:
ni mayai yaliyopigwa na kapu zima la majani,
giligilani, shamari, kitunguu kibichi,
ikaiva kijani hata kisu kikatoka kinanukia bustani.
Ameikata jana, vipande vya umbo la uru.
"Ya moto ni ya wenye pupa," husema.
"Ya baridi ni ya wenye mpango."

Orodha imebandikwa kwenye mlango wa friji,
mwandiko umenyooka kama uzi wa fundi:
miaka ishirini na saba alichora ramani
katika ofisi ya maji, mifereji yote ikapita mkononi mwake.

Kitambaa cha buluu, si kile cheupe (Hushang na chai yake).
Vikombe saba, kila kimoja na soksi yake.
Siki na asali: ile chupa ya kizibo cha kukaza.
Letasi: osha, kausha, vika taulo.
Chumvi. Chumvi. Chumvi.
Maji, lita mbili, si za kunywa.

"Za kunawa, Mama?" Mahrokh auliza.
Mama anakunja leso. Pembe kwa pembe.

Siku ya kumi na tatu ya Nairuzi hakuna anayebaki nyumbani,
mkosi humpata aliyejifungia.
Parmida amepakata sahani ya ngano iliyochipua,
imefungwa utepe mwekundu, inamtekenya kidevu
kila gari linaporuka tuta.

Mtoni hakuna mto.
Daraja limesimama na matao yake yote
kama mtu aliyekunja suruali kuvuka
kisha akasahau alikokuwa akienda.
Mashua za kukanyaga zimeegeshwa ukingoni,
shingo zao za bata maji zimefunikwa turubai.
Watu wametandika mazulia palepale kwenye kitanda cha mto,
wanapuliza makaa, wanagombania kivuli.
Farangis naye anatandika.
Kitambaa cha buluu juu ya kokoto nyeupe:
kwa mbali ungedhani maji.

Wakala. Letasi ikachovywa kwenye siki na asali,
ikalia kwachu! meno yakafurahi.
Chumvi ilikuwepo. Hushang alimwaga chai,
wala hakuna aliyeshangaa.

Jioni ikafika zamu ya ngano.
Sharti itupwe kwenye maji yanayokwenda,
iondoke na ya mwaka mzima.
Jirani mmoja ameitupa yake jalalani,
mwingine ameiacha juu ya jiwe, utepe unapepea.
"Bibi, mimi natupa wapi?"

Farangis akasimama, magoti yakamsema.
Akafumba jicho moja, akaupima mteremko
kama zamani, mezani, penseli sikioni.
"Hapa. Si hapo. Hapa."
Akamlaza mtoto ngano yake kwenye ufa wa kokoto,
akafungua ile chupa.

Maji yakasita, yakatafuta,
yakazunguka kiatu cha Hushang,
yakashika njia.
Hatua moja. Mbili. Jani moja likang'oka likaelea,
na Parmida akalisindikiza polepole,
mikono nyuma, asije akaupita mto.
Kwenye hatua ya tatu na nusu
ardhi ikazinywa zote.

Hakuna aliyepiga makofi.
Farangis aliitikisa chupa, akaifunga,
akairudisha chini kabisa mwa kikapu,
kisha akatoa orodha mfukoni, akalamba penseli,
akaandika, kwa mwandiko uleule:
Mwakani lita nne.